Ndiyo, Nilimzamisha Baba Mwanaidi

Mwankoko, Singida

Mama yangu,

Shikamoo mama. Naanza kwa kuomba msamaha, maana najua umeshajiuliza mara nyingi kama mwanao huyu bado anakumbuka njia ya kwenu. Watu walikuwa wanapanda alizeti niliposema nitakuandikia, na sasa alizeti zimevunwa, zimepigwa, ziko kwenye magunia. Sina sababu ya kukuridhisha. Kila nikikaa niandike, Tito anaitaka kalamu. Akilala yeye nalala na mimi, kalamu mkononi, asubuhi nakuta nimechora mstari kwenye shuka. Nisamehe tu.

Mgongo wa baba unaendeleaje? Na jicho la bibi, yale matone ya hospitali anaweka au ameyaficha chini ya godoro kama dawa zote? Mihogo ya kule juu mmeshaing'oa? Konso akiazima simu ya kaka Deo aache kunitumia ujumbe wa vichekesho tu, aniandikie habari za nyumba.

Sikupigi simu kwa jambo hili. Simu ya nyumbani iko kwa kaka Deo, na kaka Deo akipokea anaweka sauti ya nje, duka zima linasikia, mpaka waliokuja kununua chumvi wanachangia mawazo. Barua hii anakuletea mama Anjela, yule mwenzetu wa Nansio anayeleta dagaa sokoni huku. Nimemwambia akupe mkononi. Konso ndiye akusomee, na mkae jikoni.

Sisi hatujambo. Tito anatembea, anaanguka, anasimama, anamlaumu paka. Elia yuko kwenye mashine ya kukamua alizeti, msimu umechanganya, anarudi ananuka mashudu hadi kwenye nywele. Mimi nimechoka, mama, sitaki kukudanganya. Asubuhi namnyonyesha mtoto kwa mkono huu huku nakoroga uji kwa mkono ule. Nikitoka kazini macho yangu ni mekundu kama ya mlevi kwa sababu ya dawa ya bwawa la kuogelea, na nywele zimekuwa kama katani. Na nikifika nyumbani siruhusiwi kumshika Tito kwanza. Mama mkwe ananikalisha karibu na jiko.

"Ziwa lako limepoa hilo," anasema. "Utampa mtoto mafua ya tumbo."

"Mama, maziwa yako ndani, hayajaoga."

"Kaa hapo."

Nakaa. Tito analia upande wa pili, mama mkwe anamrusharusha mgongoni, mimi naota moto kama nyama. Ndivyo tunavyoishi, na huyo ndiye anayenilelea mtoto nikiwa kazini, kwa hiyo nakaa.

Sasa nije kwenye ujumbe wenu. Kaka Deo alinipigia. Hakusalimia vizuri, akaanza: "Mama amesema uache hiyo kazi ya maji, umchukue mtoto, urudi nyumbani mpaka Elia akutafutie kazi ya heshima. Kama huji, nakuja kukuchukua mwenyewe." Halafu akauliza, na nilisikia duka lote limenyamaza: "Ni kweli umemzamisha baba wa watu mbele ya mwanawe?"

Nilikata simu. Si kwa jeuri, mama. Nilikata kwa sababu jibu lake ni refu, na sikutaka lipimwe kwenye mizani ya duka. Jibu ni hili. Ndiyo, nilimzamisha. Na kurudi, sirudi. Naomba Konso asome taratibu kuanzia hapa.

Unajua nilivyoipata kazi. Meneja wa hoteli alikuwa anatafuta mwanamke wa kufundisha kuogelea, kwa sababu shule moja ya wasichana ilitaka kuleta wanafunzi na masista hawakutaka mwalimu wa kiume. Nilikwenda kuomba kufua mashuka. Akaniuliza kama najua kuogelea, nikacheka, nikamwambia mimi ni wa Ukerewe. Akanipa filimbi na fulana. Basi. Watoto wa shule wanakuja na nguo zao za kuogelea, watoto wa wageni nao vilevile, hakuna neno.

Neno lilianza na watoto wa huku kwetu, Mwankoko na Unyambwa. Huku hakuna ziwa la kuchota maji kama huko Ukerewe. Maziwa yapo mawili mjini, lakini ni ya chumvi, hata ng'ombe anayakataa. Watu wa pembezoni wanachimba lambo, shimo kubwa la kukinga mvua, ng'ombe wanakunywa humo na wasichana wanachota humo. Kingo zake ni udongo mfinyanzi. Mvua hizi zilizopita, msichana wa jirani zetu aliinama na ndoo, akateleza. Alikuwa amevaa sketi ya shule. Walimtoa jioni. Nilikwenda kwenye msiba nikakaa na akina mama, nikawauliza kama kuna binti hata mmoja kati ya wale waliokuwa naye anajua kuelea. Wakaniangalia kama niliyeuliza kama kuna anayejua kuruka.

Nikasema nitawafundisha. Wazazi wakasema sawa, ila binti zetu hawavai zile nguo za kubana. Meneja akasema sawa, ila bwawani kwake haingii mtu na nguo za nyumbani, zinachafua maji. Mimi nikawa katikati. Kisha nikakumbuka siku ya kumwaga maji. Bwawa letu halina mtambo wa kuchuja unaofanya kazi, kwa hiyo maji yakianza kuwa mazito mtunza bwawa anayamwaga yote bondeni, anasugua, anajaza mapya. Nikamwambia meneja, asubuhi ya siku hiyo maji yameshachafuka, yanakwenda kumwagwa, unazuia nini? Akafikiri. Akasema, "Asubuhi tu. Na wapitie nyuma."

Kwa hiyo wanangu wa Unyambwa wanajifunza siku ya kumwaga maji, na wanajifunza na magauni. Sketi, blauzi, sweta kama mtu anayo. Mwanzoni niliona ni shida, sasa ndivyo ninavyotaka. Atakayeteleza lamboni hatateleza na nguo ya kuogelea. Atateleza na gauni lake, na gauni likilowa linavuta miguu chini, na kama hajawahi kulisikia likimvuta, ataogopa, na akiogopa amekwisha. Nawafundisha kulala chali, masikio ndani ya maji, mikono imefunguka. Nawafundisha kwamba mwenzako akizama usimrukie, mtupie kitu. Tunatumia madumu matupu ya mafuta ya kula, nimeyafunga kamba za mpira wa baiskeli.

Kati yao yupo Mwanaidi. Mrefu, miguu kama ya korongo, baba yake ana ng'ombe na kondoo Unyambwa. Siku ya kwanza alinikumbatia shingo tukaenda chini wote wawili, tulipotoka akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyeteleza." Sasa ndiye bora kuliko wote. Analala juu ya maji na sweta, anazungumza na wenzake kama aliyelala kitandani kwa bibi yake.

Siku hiyo aliyoiulizia kaka Deo, baba yake alikuja. Nilikuwa upande wa maji mafupi nimemshika mtoto mdogo kiunoni, nikasikia fimbo inagonga sakafu. Alikuwa na mabuti ya mpira na jinzi, kofia kichwani. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, si mtu mbaya. Akasema kwa sauti ya kila mtu asikie:

"Mwalimu, hivi nyie watu wa visiwani ndio mnakuja kutufundisha maji? Mji huu una maziwa mawili."

"Ni kweli, baba."

"Mimi nimekulia Kindai. Tulikuwa tunachunga, tunaoga, tunalala juu ya maji mpaka usingizi unakuja. Nani alitufundisha?"

"Maji ya Kindai yana chumvi, baba Mwanaidi. Kiangazi yakipungua yanakubeba yenyewe. Haya ni ya bomba, hayabebi mtu."

"Maji ni maji."

"Siyo sawa, baba."

Wasichana walicheka kidogo, na hapo ndipo nilipaswa kunyamaza, maana mwanaume akichekewa na mabinti anakuwa mwingine. Akavua kofia, akavua mabuti, akavua shati akalikunja vizuri juu ya kiti. Akasema, "Mwanaidi, angalia, halafu twende nyumbani. Kuogelea unako kwenu, huhitaji kuja kulowa mbele ya watu."

Nilimwambia aingie upande wangu. Alikwenda upande wa kina. Akashuka ngazi taratibu kama mtu anayeingia kanisani, akajisukuma nyuma, akalala chali akaweka mikono yake nyuma ya kisogo. Ndivyo wanavyolala kule Kindai, wanaume wa hapa wote wanalala hivyo, nimewaona. Kule chumvi inawashika, mtu anakunja hata mguu juu ya mguu. Huyu alikuwa na jinzi nzito imelowa, na maji matamu chini yake. Miguu ilitangulia. Kisha kifua. Uso ulibaki kidogo ukiangalia juu kwa mshangao, kama mtu aliyeahidiwa kiti akakuta hakuna. Akaenda.

Alipoibuka mdomo ulikuwa wazi na hakuna sauti. Wewe unajua, mama, mtu anayezama kweli hapigi kelele. Wasichana wengine walidhani anaigiza. Mwanaidi hakudhani. Hakumrukia. Alichukua dumu, akalisukuma kwake kwa ule mpini mrefu wa kusugulia bwawa, kama nilivyowaonyesha, likamfikia kifuani kabisa. Baba yake alilipiga likaruka kule. Hakuliona. Mimi nilikuwa nimeshamkalisha yule mdogo ukingoni, nikaenda.

Alinishika kichwa. Mikono ya mtu wa ng'ombe, mama. Alinipanda kama ngazi. Nikafanya ulichofanya wewe siku ile mama mdogo Pelagia alipokukaba shingo pale mawe ya kufulia, ambapo sisi watoto tulisimama tukilia tukifikiri unamuua. Nilivuta pumzi, nikamkumbatia, nikaenda naye chini. Kwa makusudi. Nikakaa naye huko chini mpaka mikono yake ikanitafuta kwa njia nyingine, ikaniachia, maana mtu anayezama hamng'ang'anii anayekwenda chini. Nikapita nyuma yake, nikamshika mkanda wa suruali, nikamtoa. Wasichana walituvuta kwa mpini.

Sasa fikiria waliokuja mbio kutoka jikoni, mpishi na yule anayepanga meza. Wao walikuta nini? Walikuta mwanamke amemkumbatia baba mtu mzima anakwenda naye chini. Kisha walimkuta baba huyo ukingoni amelala kifudifudi, anatapika maji, hana shati. Na neno lake la kwanza lilikuwa:

"Huyu mwanamke alitaka kuniua. Alinivuta chini. Nimemsikia kabisa akinivuta."

Mwanaidi akasema, "Baba, ulikuwa unazama."

"Nyamaza. Nenda kavae nguo."

"Nimevaa, baba."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Aliondoka na binti yake, gauni linachuruzika hadi getini, na shati lake lilibaki pale kwenye kiti limekunjwa. Nililipeleka mwenyewe kesho yake, mkewe akalipokea mlangoni.

Baada ya hapo maneno yalitembea. Yalifika sokoni kabla yangu, na sokoni wauza dagaa wakayabeba mpaka kwenu. Huku wengine waliongea Kinyaturu nikipita, na mimi nakielewa nusu tu, lakini ile nusu ilinitosha. Wazee wa ukoo wa baba Mwanaidi wakakaa, wakatuma mtu kwa Elia. Wanataka kondoo jike. Nimpeleke mimi mwenyewe, nipige magoti, niombe radhi kwa kumshusha mtu mzima mbele ya mwanawe, na mambo yaishe.

Elia alikaa kitandani anavua viatu vyake vya mafuta. Ni mume mwema, mama, hili nalisema mbele yako. Lakini hapendi ugomvi.

"Mama Tito, ni kondoo tu. Tuyamalize. Hawa ni watu wetu, tunazikana nao."

"Nikimpeleka kondoo, nimekubali kwamba nilikosa."

"Hakuna anayesema ulikosa."

"Kondoo ndiye atakayesema. Na akishasema, hakuna mzazi wa Unyambwa atakayeniletea binti tena. Na meneja atakuwa na sababu."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka aliyekuwa anazama aseme alikuwa anazama."

Elia akacheka kwa uchovu, akasema, "Hapo umeomba ng'ombe."

Kondoo wenyewe ni wa mama mkwe, wako zizini kwake, na mimi nilijua moja kwa moja yeye atakuwa upande wa wazee. Kazi yangu hajaipenda tangu mwanzo. Alikuwa anachambua mchicha pale nje. Elia akamweleza kwa heshima zote, akazunguka, akafika kwenye kondoo. Mama mkwe hakuinua macho.

"Kondoo yupi?"

"Yeyote jike, mama. Hata yule mwenye sikio lililokatika."

"Huyo ana mimba. Na mtu wa Unyambwa ametoka majini akiwa hai au akiwa amekufa?"

"Hai, mama."

"Basi yeye ndiye alete kondoo. Mimi kondoo wangu hawaendi kumwomba radhi mtu kwa sababu anapumua." Akatupa mizizi ya mchicha kwa kuku. Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe usidhani nimeipenda kazi yako. Nenda ukaote moto."

Nilikwenda kuota moto nikiwa sijaingia hata majini siku hiyo, mama. Nilikaa pale jikoni nikalia kidogo, Tito akanifuta uso kwa kipande cha ugali.

Kondoo hakwenda. Wazee walikasirika, na wazazi kadhaa wakawazuia binti zao. Baba Mwanaidi alilichukua lile gauni alilokuwa amevaa binti yake siku ile akalitia motoni, ili watu waone. Meneja akaniita. Alikuwa mpole, na mimi mtu akiwa mpole sana namwogopa. Akasema tusimamishe hili la watoto wa nguo mpaka upepo upite. Nikavua filimbi nikaiweka mezani kwake. Nikamwambia, "Bosi, kama hao hawaingii, na mimi siingii. Masista watafute mwalimu mwingine wa kike hapa Singida." Sikupaza sauti. Aliitazama filimbi. Alitazama dirishani. Akasema, "Wewe mama una kichwa kigumu." Nikasema ndiyo, bosi. Akanirudishia filimbi. Akasema, "Wapitie nyuma, kama kawaida, na nisisikie mtu mzima yeyote ameingia bwawani kwangu na jinzi."

Hapo ndipo ulipofika ujumbe wa Deo, na ndiyo maana nilikata simu.

Sikiliza, mama. Sijui kama maneno yale ni yako au ni ya kaka. Kama ni ya kaka, mwambie abaki dukani kwake, asipande meli wala basi, akifika hapa atakula ugali na kondoo wa mama mkwe hatachinjiwa, kisha atarudi peke yake. Kama ni yako, nakujibu kwa heshima, nikiwa nimepiga magoti kabisa: hapana. Umesema nitafutiwe kazi ya heshima. Mama, wewe ndiye uliyenitupa majini pale kwenye mawe ya kufulia nikiwa na gauni langu la kanisani kwa sababu nilikataa kuvua, ukasema basi jifunze nalo hivyohivyo. Ulisimama na sabuni mkononi ukaniangalia nikinywa maji, na hukuniwekea mkono mpaka nilipogeuka chali. Hakuna aliyekuletea ujumbe kwamba si heshima. Nikiacha hapa leo, nitakuwa nimekubali kwamba yule aliyemtoa mama mdogo Pelagia naye alikosa. Sitakubali hilo hata mkija wote na ngoma.

Na Tito haji huko. Najua unamtaka, najua bibi anamtaka amwone kabla jicho halijafunga. Nitamleta mwenyewe shule zikifungwa, tutakaa, utamrusha, utampa samaki, kisha nitarudi naye. Mtoto wangu atajua kuelea kabla hajajua kusoma, na mimi ndiye nitakayemshika mgongo.

Nikwambie na jambo moja zuri, usilale ukiwaza. Juzi nilikuwa sokoni nachagua vitunguu. Mwanamke akasimama kando yangu, naye anachagua, hatuangaliani. Ni mama yake Mwanaidi, yule aliyepokea shati. Akasema kwa sauti ya chini kama anauliza bei:

"Mwalimu, siku ya kumwaga maji ni lini?"

Nikamwambia Jumamosi.

"Lambo limejaa," akasema. "Na mimi mgongo hauniruhusu kuinama, ni yeye ndiye anayechota." Akaweka vitunguu kwenye kapu. "Baba yake Jumamosi anapeleka ng'ombe mnadani. Akirudi nitamwambia mwenyewe. Simfichi, ila namwambia akiwa ameshakula."

"Akikasirika?"

"Atakasirika. Alikasirika na nilipomwambia asiingie Kindai na viatu." Akaondoka, hakuaga.

Kwa hiyo Jumamosi niko bwawani. Wamebaki wachache, hawanitoshi hata mstari mmoja, lakini wako. Nimechoka na nitakwenda.

Nisalimie baba, mwambie namwombea mgongo wake na aache kubeba mbao peke yake. Nisalimie bibi, mwambie matone ni ya jichoni, si ya kutunza. Mama mdogo Pelagia, umsomee hii yote, hasa pale panapomhusu, halafu uniambie alisema nini. Mjomba Bernado katekista, namwomba asinitaje kwenye maombi ya waliopotea, sijapotea. Konso, mdogo wangu, asante kwa kusoma, sasa kamwagie bibi maji ya kuoga. Na kaka Deo nampenda, mwambie hivyo, ila mwambie dukani, sauti ya nje.

Ni mimi mwanao, niliyechoka lakini niliyesimama,

Generosa, mama Tito

Mama Anjela anarudi huku wiki ijayo na mzigo wa dagaa. Nauli ya kurudi msinitumie, mtakuwa mmeitupa. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi:

Maboya ya nyavu za zamani, yale meupe, baba anajua yalipo stoo. Yaliyopasuka asilete.

Kamba ya nailoni, nyembamba, ndefu kadiri itakavyopatikana. Mpira wa baiskeli unakatika ukikaa kwenye dawa.

Dagaa wa kukaanga, mfuko mmoja wetu na mwingine wa mama mkwe, uandikwe jina lake.

Kitenge kizito cha kumbebea Tito, sasa amekuwa mzito kama debe.

Na gauni moja la msichana, la mikono mirefu, urefu wa Konso au kuzidi kidogo, la kitambaa kizito kikilowa. Lisiwe jipya sana. Mwanaidi Jumamosi hii atakuja na kanga ya mama yake, lakini Jumamosi zinazofuata hatakuwa na cha kuingia nacho.